Wapokezi wa Muddy Waters

Katika miaka ya 1970, aliyelipa kiingilio kwenda kumwona Muddy Waters alilazimika kungoja. Bendi ndiyo iliyotangulia kupanda jukwaani. Pinetop Perkins aliketi penye kinanda, Willie Smith nyuma ya dramu, Calvin Jones akavaa gitaa la besi, Jerry Portnoy akaikumbatia harmonika na kipaza sauti katika viganja vyake viwili, na wacharaza gitaa Luther Johnson na Bob Margolin wakashika nafasi zao. Walipiga nyimbo mbili tatu mzee akiwa bado chumbani. Wimbo huu aliuimba mmoja, wimbo ule mwingine. Ukumbi ulipokwisha kushika moto ndipo jina la Muddy lilipotangazwa, naye akatoka taratibu, kama mwenye nyumba anayeingia sebuleni wageni wote wakiwa wamekwisha kuketi.

Wengi walizichukulia nyimbo zile za mwanzo kuwa za kuchangamsha genge tu. Kadiri ninavyoifuatilia historia ya bluzi ya Chicago, ndivyo ninavyoamini kwamba zilikuwa darasa. Katika dakika zile watu walioajiriwa kumwitikia bwana mkubwa walizoea kuanzisha wimbo wenyewe, na kuachiana nafasi bila kugombana. Siku ilipofika ya kusimama bila yeye kwelikweli, hawakuhitaji kumtafuta mwimbaji.

Tuanzie shambani, maana wote hawa, isipokuwa wachache, walitokea shambani. Muddy alipewa na wazazi wake jina la McKinley Morganfield. Alizaliwa katika jimbo la Mississippi, akalelewa na bibi yake kwenye shamba kubwa la pamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale. Hiyo ndiyo Delta, bonde tambarare lenye udongo mweusi ambako wajukuu wa watumwa walilima pamba ya wenye ardhi kwa mkataba wa kugawana mavuno, na hesabu ilipofungwa mwisho wa mwaka mkulima mara nyingi aliambiwa kwamba bado anadaiwa. Agosti 1941 walifika hapo Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work, mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Fisk, wakiwa na mashine ya kurekodia. Walimrekodi Muddy nyumbani kwake, yeye na gitaa lake, kibarua aliyezoea kuendesha trekta mchana na kupigia watu muziki usiku. Aliposikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye mashine alitambua kwamba anaweza kusimama na wale aliokuwa akiwasikia kwenye santuri. Mwaka 1943 alipanda treni kwenda Chicago.

Hakupanda peke yake. Reli ya Illinois Central ilipita katikati ya Delta na kuishia kwenye jiji lile la viwanda vya nyama na chuma, na katika miongo ile mamilioni ya Wamarekani Weusi waliyahama majimbo ya kusini. Ubaguzi uliwasukuma, mishahara ya viwandani ikawavuta, na mashine zikamaliza kazi. Mwaka 1944, kwenye shamba la Hopson lililo kando ya Clarksdale, zao zima la pamba lilipandwa, likavunwa na kufungwa marobota kwa mashine, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Miongoni mwa madereva wa matrekta waliofanya kazi Hopson katika miaka ile alikuwa Pinetop Perkins. Mtu huyo aliiona kwa macho yake siku ambayo mikono ya watu wake ilikoma kuhitajika.

Chicago iliwapa umeme. Gitaa la mbao lililotosha ukumbini kwa mtu kijijini lilimezwa na kelele za baa za South Side, kwa hiyo Muddy akashika gitaa la umeme. Little Walter akaifunika harmonika na kipaza sauti kwa mikono yake hadi kikawa chombo kipya, chenye mlio mzito unaofanana na saksafoni. Jimmy Rogers akashika gitaa la pili, na baadaye akaja Otis Spann kwenye piano. Ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland, Leonard na Phil Chess, waliuuza muziki huo kwenye santuri, na mtunzi Willie Dixon akampa Muddy "Hoochie Coochie Man" mwaka 1954. Sehemu hii ya historia imesimuliwa mara nyingi mno. Ninachotaka tukitazame ni jinsi wimbo wenyewe ulivyojengwa, kwa sababu humo ndimo siri ya kupokezana ilimo.

Ubeti wa bluzi kwa kawaida una mistari mitatu. Wa kwanza unatamka jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu. Kila mstari una nafasi ya mapigo 16, ila mwimbaji hazitumii zote. Anaimba karibu nusu yake, kisha ananyamaza, na nusu iliyobaki ni ya chombo: harmonika inalia, au piano inaporomosha noti, au gitaa linajibu kwa sauti ileile ya mwimbaji. Aliyekulia penye ngoma anaujua mpango huu bila kufundishwa. Manju anatoa, wapokezi wanapokea. Ndiyo maana mwanabluzi Taj Mahal alipoungana na kundi la taarabu la Culture Musical Club la Zanzibar katika albamu iliyotoka mwaka 2005 kwa jina la Mkutano, hawakuonekana wageni wao kwa wao. Kila upande ulikuwa umezoea kuacha nafasi ijazwe na mwenzake.

Muddy aliufanya mpango huo kuwa mgumu kwa wapiga vyombo wake. Hakuimba juu ya pigo, aliimba nyuma yake kidogo, kama anayevuta mguu kwa makusudi, na alipopenda aliurefusha mstari kupita kipimo. Bendi iliyokuwa ikihesabu ilipotea. Bendi iliyokuwa ikimsikiliza ilibaki naye. Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka kumi nyuma ya Muddy alijifunza kutazama mgongo, bega na shingo ya mwimbaji, ajue pumzi inaingia lini. Noti zenyewe ni chache, na kijana mwenye bidii anaweza kuzikariri kwa wiki. Kujua lini usizipige ni kazi ya miaka.

Sasa watu wenyewe.

Joe Willie Perkins alizaliwa Belzoni, Mississippi, Julai 7, 1913. Jina la Pinetop alilirithi kwa mwingine, Clarence Smith, aliyerekodi kibao maarufu cha bugi-wugi mwaka 1928 kwa jina hilohilo la utani. Perkins alianza na gitaa. Katika miaka ya 1940, akiwa Helena, mji wa bandari ya mtoni katika jimbo la Arkansas, mwanamke mmoja mcheza shoo alimkata kwa kisu mkono wa kushoto. Kano zikaumia, na vidole havikuweza tena kubana nyuzi. Mwingine angeuacha muziki. Yeye alihamia kwenye piano moja kwa moja, chombo ambacho katika bugi-wugi mkono uleule wa kushoto ndio unaobeba mzigo, ukizungusha besi bila kupumzika. Nikimsikiliza nalikumbuka jeraha hilo kila mara, ingawa vidole vyake havilalamiki.

Helena ilikuwa na redio. Novemba 1941 kituo cha KFFA kilianzisha kipindi cha King Biscuit Time, robo saa kila adhuhuri, kikidhaminiwa na kampuni ya unga. Nyota wake alikuwa mpuliza harmonika Sonny Boy Williamson. Wafanyakazi wa mashambani walipopumzika kula, waliwasikia watu weusi wenzao wakipiga muziki wao hewani, moja kwa moja, katika nchi ambayo ilikuwa nadra kuwapa nafasi hiyo. Pinetop alipiga piano katika kipindi hicho. Na mjini Helena kulikuwa na mtoto aliyezaliwa Januari 19, 1936, aliyekua na sauti hizo za adhuhuri. Jina lake Willie Smith, na baadaye macho yake makubwa yangempatia jina la "Big Eyes".

Willie alikwenda Chicago mwaka 1953, akiwa na miaka 17. Alikwenda kutembea. Akapelekwa kumsikia Muddy Waters, na safari ya kurudi ikafutika. Chombo chake cha kwanza kilikuwa harmonika. Msomaji alishike hilo, nitalirudia. Ndiye anayesikika akipuliza kwenye "Diddy Wah Diddy" ya Bo Diddley. Lakini wapuliza harmonika walikuwa wengi na kazi zao chache, naye akahamia kwenye dramu, na mwaka 1961 akapata kiti katika bendi ya Muddy. Katikati ya miaka ya 1960 bluzi ilipopungua soko aliondoka, akaendesha teksi mjini Chicago. Mwaka 1968 akarudi. Pigo lake ni la kuyumba, lile ambalo kila pigo linagawanywa katika tatu na lile la katikati linaachwa, huku fimbo ya mkono wa kushoto ikishuka juu ya pigo la pili na la nne kwa kuchelewa kidogo sana. Ukimsikiliza kwa haraka utadhani hafanyi chochote. Jaribu kumwondoa akilini, wimbo wote unaanguka.

Pinetop alijiunga mwaka 1969, kushika nafasi ya Otis Spann, ambaye alifariki mwaka uliofuata. Alikuwa na miaka 56, na sifa aliyokuwa nayo ilikuwa ya watu wa ndani tu: huko Clarksdale alikuwa amemfundisha piano kijana aitwaye Ike Turner, na mwaka 1953 alikuwa amerekodi Memphis katika studio ya Sam Phillips, ila hakuna kilichomtoa. Calvin Jones, aliyeitwa "Fuzz", mzaliwa wa Mississippi wa mwaka 1926, alichukua besi. Luther Johnson alikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 Bob Margolin, kijana mzungu kutoka Boston.

Jerry Portnoy, aliyejiunga mwaka 1974, ana kisa chake. Baba yake aliuza mazulia katika mtaa wa Maxwell, Chicago, kwenye soko la wahamiaji wa Kiyahudi ambalo kila Jumapili liligeuka ukumbi wa wazi wa watu weusi. Wanamuziki waliotoka kusini walivuta waya wa umeme kutoka dirisha la nyumba ya jirani, wakaunganisha vikuza sauti, wakapiga barabarani hadi jioni. Mtoto wa muuza mazulia alikulia katikati ya mlio huo. Kwa hiyo bendi ya Muddy haikumleta Portnoy kwenye bluzi. Ilimrudisha mtaani kwao.

Bendi hiyo ndiyo iliyomzungusha mzee duniani katika miaka yake ya mwisho ya utukufu. Mwaka 1977 Johnny Winter alimtengenezea Muddy albamu ya Hard Again, iliyomtoa tena mbele ya vijana, na sehemu ya bendi hii ilikuwamo studioni. Agosti 1978 walipiga Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Carter. Tuzo za Grammy zilikuwa zikija karibu kila mwaka. Na kadiri jina la mbele lilivyong'aa, ndivyo waliokaa nyuma walivyoanza kuuliza ni kiasi gani kinawafikia. Ugomvi ulikuwa wa malipo na wa jinsi kazi ilivyoendeshwa. Juni 1980 ulifikia kikomo: bendi nzima iliondoka kwa mkupuo mmoja.

Sina nia ya kuwasuluhisha marehemu. Ila nataka uzito wa jambo hilo uonekane. Pinetop alikuwa anakaribia miaka 67, umri ambao mfanyakazi wa ofisini amekwisha kustaafu. Calvin alikuwa na miaka 54. Walikuwa wakiiacha ajira ya uhakika kuliko zote katika fani yao, wakiwa hawana jina lao sokoni. Mwezi huohuo sinema ya The Blues Brothers iliingia katika majumba ya sinema, na ndani yake, katika mtaa wa Maxwell, John Lee Hooker anaimba barabarani akizungukwa na Pinetop, Calvin, Willie na Luther Johnson, pamoja na mkongwe Big Walter Horton kwenye harmonika. Mamilioni ya watu waliziona nyuso hizo. Wachache mno waliweza kuzitaja.

Luther Johnson akaenda kuunda kundi lake, Margolin naye lake. Waliobaki pamoja, yaani Pinetop, Willie, Calvin na Portnoy, walijiita Legendary Blues Band. Gitaa alilishika kwanza Louis Myers, ambaye mwenyewe ni historia: pamoja na ndugu yake Dave na mpiga dramu Fred Below walikuwa wameunda The Aces, bendi iliyompigia Little Walter alipoachana na Muddy mwaka 1952. Kwa maneno mengine, mtu aliyekaribishwa alikuwa amewahi kumpigia mtoro mwenzao wa zamani kidogo.

Kisha likaja swali la nani ataimba. Walikuwa na njia rahisi mbele yao. Wangeweza kumtafuta mtu mwenye sauti inayofanana na ya Muddy, wamweke mbele, waitikie kama zamani. Watangazaji wa maonyesho wangefurahi, kwa kuwa biashara ya muziki inataka uso mmoja juu ya tangazo. Wao wakachagua kugawana, kama walivyokuwa wakifanya kila usiku kabla ya mzee kutoka. Katika albamu ya kwanza, Life of Ease ya mwaka 1981, na ya pili, Red Hot 'n' Blue ya mwaka 1983, wimbo unapita kutoka mdomo hadi mdomo.

Mimi naona uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko unavyosifiwa, na sababu yake ni ya kiufundi. Tumesema nusu ya kila mstari ni ya kujibiwa. Anapoimba Pinetop, kwa sauti yake nyepesi ya mzee anayesimulia kisa barazani, piano haiwezi kumjibu kwa nguvu kwa sababu mikono yake inamsindikiza mwenyewe. Jibu linahamia kwa harmonika ya Portnoy. Anapoimba Calvin, sauti nzito yenye mkwaruzo, besi yake inapunguza maneno na mkono wa kushoto wa Pinetop unaziba pengo chini. Anapoimba Willie ndipo jambo la ajabu linapotokea: mwenye pigo na mwenye wimbo ni mtu mmoja, na ule uvivu wa makusudi ambao wengine walilazimika kuufuata kutoka mgongoni kwa Muddy sasa unatoka kwenye kiti cha dramu chenyewe. Kila anayebadilika mbele anabadilisha kazi ya kila aliye nyuma. Bendi yenye mwimbaji mmoja inaweza kuzeeka ikipiga kwa mazoea. Hii haikuweza, ilibidi isikilize upya kila baada ya dakika nne.

Muddy Waters alifariki usingizini nyumbani kwake Westmont, nje kidogo ya Chicago, Aprili 30, 1983.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Vijana weusi wa Chicago walikuwa wamehamia zamani kwenye soul, na sasa hip-hop ilikuwa ikienea. Baa za South Side zilizokuwa zikijaa zilifungwa moja baada ya nyingine. Wasikilizaji wa bluzi sasa walikuwa wengi wao wazungu, katika miji ya vyuo vikuu na matamasha ya Ulaya, na maisha ya bendi ya aina hii yalikuwa gari, barabara ndefu, klabu ndogo, hoteli ya bei nafuu. Linaniuma hilo. Muziki uliotungwa na watu waliofukuzwa mashambani na mashine ulikuwa ukihama tena, mara hii kutoka masikioni mwa watoto wao. Kuna wanaosema ulikuwa umekufa na kilichobaki kilikuwa makumbusho. Siwezi kukubaliana nao, kwa sababu nimeona kilichotokea ndani ya gari lile.

Katikati ya muongo huo Pinetop aliondoka. Portnoy naye akaondoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akipuliza harmonika katika bendi ya Eric Clapton. Katika hesabu ya kawaida bendi ingevunjika, kwani sura zake mbili zilizojulikana zaidi zilikuwa zimekwenda. Waliobaki ni mpiga dramu na mkung'uta besi, watu ambao hata mpiga picha huwa anawasahau. Calvin Jones na Willie Smith wakaigeuza bendi kuwa chuo. Kati ya mwaka 1989 na 1993 walitoa albamu tano kwa kampuni ya Ichiban, mojawapo ikiitwa Keepin' the Blues Alive, wakigawana uimbaji wao wawili na kuwaweka vijana kwenye magitaa na harmonika. Billy Flynn alipita hapo. Nick Moss alikuja akiwa mpiga besi, na ni Smith aliyemshawishi ahamie kwenye gitaa, chombo ambacho baadaye kilimpa jina. Hakuna aliyepewa cheti. Walikaa nyuma ya wazee usiku baada ya usiku, wakifanya makosa hadharani, wakitazama bega la mwimbaji wajue pumzi inaingia lini, kama wazee wenyewe walivyolitazama bega la Muddy.

Pinetop, huko alikokuwa, alianza ujana wa pili. Mwaka 1988, akiwa na miaka 75, ilitoka After Hours, albamu yenye jina lake mbele, baada ya nusu karne ya kuwapigia wengine. Zilifuata nyingine nyingi. Alishinda tuzo ya mpiga piano bora wa bluzi mara nyingi hivi kwamba mwaka 2003 waandaaji waliamua kumwondoa kwenye kinyang'anyiro na kuipa tuzo hiyo jina lake, ili wengine nao wapate. Mwaka 2004, akiwa na miaka 91, gari alilokuwa akiendesha liligongwa na treni huko La Porte, Indiana. Gari likawa chuma chakavu, yeye akatoka hai na kurudi kwenye piano. Mwaka uliofuata alipewa Grammy ya heshima ya maisha. Picha za miaka hiyo zinamwonyesha katika suti ya rangi kali na kofia yake, akitabasamu.

Wazee hawakuwa wameachana kabisa. Katika miaka ya 1990 walikutana tena jukwaani na kwenye albamu kama bendi ya kumuenzi Muddy, akiwamo Margolin, ambaye amebaki kuwa mtunza kumbukumbu mwaminifu wa kundi lile kwa maandishi na kwa gitaa. Calvin Jones alifariki Agosti 9, 2010, kule kusini alikozaliwa, katika jimbo la Mississippi.

Mwaka huohuo Pinetop na Willie walitoa albamu ya pamoja, Joined at the Hip. Kwenye besi alikuwa Bob Stroger, mkongwe aliyezaliwa 1930. Kwenye gitaa John Primer, ambaye alikuwa ameingia katika bendi ya Muddy baada ya wenzake kuondoka mwaka 1980, kwa hiyo pande mbili za ule mpasuko zilikuwa zimeketi katika chumba kimoja. Februari 13, 2011, albamu hiyo ilishinda Grammy ya bluzi ya asili. Pinetop alikuwa na miaka 97, mshindi mzee kuliko wote waliowahi kuipokea tuzo hiyo hadi wakati huo. Alifariki Machi 21, nyumbani kwake Austin, Texas, akiwa na maonyesho zaidi ya 20 yaliyokwisha pangwa kwa mwaka ule. Willie Smith alifuata Septemba 16, kwa kiharusi, akiwa na miaka 75.

Nilisema msomaji aishike harmonika ya Willie. Katika albamu hiyo hakai kwenye dramu. Amerudi kwenye chombo alichoanza nacho Chicago akiwa kijana, na yeye na Pinetop wanagawana uimbaji. Pinetop anapomaliza nusu yake ya mstari, harmonika inamjibu. Willie anapoushika wimbo, anayejibu ni piano ya mtu aliyekuwa akisikika redioni Helena yeye akiwa mtoto. Nyuma yao, kwenye kiti cha dramu, ameketi Kenny, mtoto wa Willie. Fimbo yake ya kushoto inashuka juu ya pigo la pili na la nne, ikichelewa kidogo sana.